Natubu kila wiki halafu narudia, je Mungu amenichoka?

Swali: "Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni baba wa familia, nimeokoka miaka mingi na ni mweka hazina wa kwaya yetu. Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nachota hela ya kwaya kidogo kidogo kwa ajili ya kubeti, nikishinda narudisha, mkeka ukichanika najiambia nitarudisha mwisho wa mwezi. Hakuna anayejua, hata mke wangu. Kila Jumapili wito wa toba ukitolewa naenda mbele, nimelia, nimefunga, nimeahidi, halafu baada ya siku chache narudia. Siku hizi hata machozi hayatoki, nahisi maombi yanaishia darini. Mhubiri mmoja alisema mtu akitubu halafu akarudia dhambi ile ile basi hakutubu, akasoma Waebrania 10:26 kwamba haibaki tena dhabihu. Tangu siku hiyo silali vizuri, saa zingine nawaza bora hata nisingekuwepo. Je Mungu amenichoka? Inatosha nikitubu kwake peke yake au lazima niwaambie watu? Na je niendelee kushiriki meza ya Bwana?"

Jibu:

Asifiwe milele ndugu yangu, na asante kwa kuandika, najua haikuwa rahisi.

Kabla ya kitu kingine chochote kuna sentensi moja kwenye swali lako siwezi kuipita, ile ya "bora hata nisingekuwepo". Naomba ujiulize kwa ukweli, hiyo ni lugha ya mtu aliyechoka au umeshaanza kufikiria kujidhuru? Kama ni hilo la pili basi acha kusoma hapa kwanza, mpigie mtu mmoja unayemwamini sasa hivi, mwambie maneno hayo hayo uliyoniandikia, usikae peke yako, na nenda hospitali au kwa mshauri nasaha leo hii bila kungoja Jumapili. Hela ya kwaya inalipika na aibu ina mwisho wake, na hamna sehemu yoyote kwenye Maandiko ambapo Mungu anamtaka mtu alipe dhambi yake kwa uhai wake mwenyewe. Hilo deni lilishalipwa na mwingine. Haya mengine yote nitakayosema yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Sasa tuje kwenye toba. Umeuliza maswali matatu ila mi naona yanatoka kwenye shina moja, yaani umezoea kuipima toba kwa unavyojisikia. Ukilia unahisi umesamehewa, usipolia unahisi umekataliwa, ukirudia unahisi ulidanganya. Na hujakosea peke yako, watu wengi sana wamelelewa hivyo makanisani, tunaona mtu anagalagala na kulia tunasema huyu ametubu kweli kweli, anayesimama kimya tunamtilia mashaka. Lakini ukikaa na Biblia taratibu unakuta machozi yametajwa kwa watu waliotubu na kwa watu ambao hawakutubu kabisa.

Mwangalie mfalme Sauli. Kwenye 1 Samweli 24 Daudi amemwacha hai pangoni, Sauli anapaza sauti analia, anasema wewe Daudi ni mwenye haki kuliko mimi. Machozi ya kweli kabisa yale, sidhani kama alikuwa anaigiza. Ukifungua sura ya 26 yuko tena nyikani na watu 3,000 anamtafuta Daudi yule yule. Au Farao wakati wa mvua ya mawe, Kutoka 9, anawaita Musa na Haruni anasema nimekosa, Bwana ni mwenye haki, mimi na watu wangu ni waovu. Maneno mazuri, hata ukiyaweka kwenye ibada yatafaa. Mvua ikakoma, na mstari wa 34 unasema alipoona imekoma akazidi kufanya dhambi. Farao alitaka mvua ya mawe iishe, hakutaka kuwaachia watu waende zao.

Hapo ndo pa kujiangalia ndugu yangu, na nakwambia kwa upendo. Unapochota hela wiki nzima unabeba mzigo wa hatia moyoni, unaogopa daftari likaguliwe, unaogopa simu ya mwenyekiti, usingizi unakata. Jumapili unaenda mbele unalia, na kulia kunapunguza presha, ndivyo tulivyoumbwa, mtu akishalia vya kutosha mwili unatulia na kichwa kinakuwa chepesi. Ule wepesi wewe unausoma kama msamaha, unarudi nyumbani umetulia. Ila angalia ni nini kimebadilika. Hela bado iko mkononi mwako, akaunti ya kubeti bado iko kwenye simu, deni bado lipo, siri bado ni siri, na mtu pekee anayejua ni wewe. Kwa hiyo jaribu likirudi siku ya tatu linakukuta vile vile lilivyokuacha, tena sasa una nguvu mpya kwa sababu presha ilishashuka. Ni sawa na kudeki sakafu kila asubuhi wakati bomba linavuja ukutani, unadeki kwa bidii zote na hakuna atakayesema wewe mvivu, ila maji hayataisha. Na baada ya miezi mingi ya hivyo machozi yenyewe yanakauka, kwa sababu moyo umeshajifunza kwamba kulia hakuleti mabadiliko yoyote. Mi sioni hapo ishara kwamba Roho Mtakatifu ameondoka, naona mtu aliyechoka kwa mzunguko. Tena mtu ambaye Mungu amemwacha kabisa hasumbuki kama unavyosumbuka wewe.

Paulo analieleza hili vizuri kwenye 2 Wakorintho 7:10, kwamba kuna huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu inayoleta toba, na kuna huzuni ya dunia inayoleta mauti. Zote mbili ni huzuni na zote zinaweza kuwa kali sana. Tofauti wanayo hao Wakorintho wenyewe, soma mstari wa 11, anawasifu kwa bidii waliyoonyesha, kwa kujitetea na kukasirishwa na lile kosa, kwa kuhakikisha mambo yamewekwa sawa. Yaani huzuni yao ilishuka ikafika mikononi. Huzuni ya dunia yenyewe inajizunguka tu, inasema ole wangu mimi, nitaonekanaje, nitaiweka wapi sura yangu. Sauli huyo huyo kwenye 1 Samweli 15:30 anamwambia Samweli nimekosa, lakini uniheshimu mbele ya wazee wa watu wangu. Nimekosa, ila watu wasijue. Soma hiyo sura yote ukiwa peke yako, usiogope ikikuchoma.

Halafu weka Daudi pembeni yake. Alichofanya Daudi ni kibaya kuliko cha Sauli kwa macho ya kawaida, alichukua mke wa mtu, halafu akapanga kifo cha yule mume, Uria, kwa barua aliyomkabidhi Uria mwenyewe aipeleke. Nabii Nathani alipomkabili, jibu la Daudi kwenye 2 Samweli 12:13 ni fupi mno, nimemfanyia Bwana dhambi, basi, hakuna "lakini". Na Nathani hapo hapo anamwambia Bwana naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa. Hakumwambia alie kwanza tumwone. Matokeo ya dhambi yalimfuata Daudi nyumbani kwake miaka mingi, hilo nalo limeandikwa na sitakuficha, ila msamaha haukungoja matokeo yaishe.

Na hapa ndo naomba tuongee juu ya Waebrania 10:26, maana hiyo ndo imekukosesha usingizi. Inasema tukifanya dhambi kusudi baada ya kupokea ujuzi wa ile kweli haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi. Sasa wengine watakupooza kwa kukwambia wewe hukufanya kusudi, mi sitasema hivyo kwa sababu wewe na mimi tunajua ulifanya kusudi, hela haikujitoa yenyewe. Ila Daudi naye alifanya kusudi, tena kwa mpango wa siku nyingi. Kwa hiyo "kusudi" kwenye mstari ule haiwezi kumaanisha dhambi yoyote mtu aliyoifanya akijua, la sivyo hamna hata mtume aliyebaki. Soma kuanzia mstari wa 19 mpaka 39 kwa mkupuo. Anaandikia Waebrania walioteseka kwa ajili ya Kristo, walionyang'anywa mali zao, na sasa wengine wameanza kuacha kukusanyika na wanafikiria kumwacha Yesu warudi walikotoka. Mstari wa 29 unaeleza ni mtu gani hasa anayeongelewa, ni yule anayemkanyaga Mwana wa Mungu na kuihesabu damu ya agano kuwa kitu cha hovyo. Hoja ya mwandishi ni kwamba ukimtupa Kristo hakuna dhabihu nyingine unaenda kuipata huko, kwa sababu nyingine haipo. Hajasema kwamba ukirudi kwa Kristo utakuta dhabihu imeisha. Wewe unalia kwa sababu unaogopa kumpoteza, hiyo ni hali tofauti kabisa na ya mtu anayemkanyaga.

Onyo lenyewe lakini ni la kweli, nisije nikaonekana nalifuta. Mtu akiizoea dhambi moyo unakuwa mgumu kidogo kidogo, na anayejiambia "nitatubu Jumapili" kabla hajachota anacheza na kitu cha hatari. Kama umewahi kujiambia hivyo, hiyo nayo ipeleke kwa Bwana ukiitaja ilivyo.

Halafu lile la kwamba ukirudia basi hukutubu. Yesu mwenyewe kwenye Luka 17:4 anasema ndugu yako akikukosea mara saba kwa siku moja na kurudi mara saba akisema nimetubu, msamehe. Mara saba kwa siku! Je Mungu atutake sisi tufanye hivyo halafu yeye aishie mara ya pili? Petro alimkana Bwana kwa kuwaogopa watu, akalia kwa uchungu, akarudishwa vizuri kabisa kwenye Yohana 21, na miaka baadaye kule Antiokia Paulo anamkabili mbele ya wote kwa sababu alijitenga na Wakristo wa mataifa kwa kuwaogopa watu, Wagalatia 2. Udhaifu ni ule ule. Je toba yake ya kwanza ilikuwa bandia? Hapana, ilikuwa ya kweli, ila mzizi ulikuwa mrefu.

Kanisa lenyewe lilishapita kwenye mjadala huu zamani sana. Wakati wa mateso ya Kaisari Decius mwaka 250 Wakristo wengi walimkana Kristo kwa hofu, kisha wakataka kurudi. Kule Roma akatokea padri mmoja aitwaye Novatian na kundi lake wakasema hapana, hao kanisa haliwezi kuwarudisha. Kanisa kwa upana wake likakataa msimamo huo, likasema milango iko wazi ila warudi kwa toba ya kueleweka, na mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ukawataka watu wa kundi hilo wakitaka kurudi wakubali kushirikiana na wale walioanguka wakatubu. Nakutajia haya kwa sababu yule mhubiri aliongea kana kwamba jambo ni jepesi na limeshafungwa, na kweli lilishafungwa, ila lilifungwa upande wa kuwapokea wanaorudi.

Sasa je Mungu amekuchoka? Twende Luka 15. Yule mwana mpotevu kule kwa nguruwe alitunga hotuba yake yote, nitasema baba nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Linganisha mstari wa 19 na wa 21. Alipofika akaanza kuisema na ile sehemu ya mwisho hakuifikia, baba tayari ameshaita watumishi walete vazi. Ile ya "nifanye mtumishi" ilikuwa njia yake ya kulipa kidogo kidogo ili akubalike, na baba hakuipokea. Tena baba alimwona angali mbali akakimbia, kabla hajasikia neno hata moja. Paulo naye anasema kwenye Warumi 2:4 kwamba wema wa Mungu ndio unaokuvuta upate kutubu. Ona mpangilio ulivyo, wema unatangulia, toba inafuata. Wewe umekuwa ukijaribu kutubu vizuri ili wema uje. Hapo ndo unapochoka ndugu yangu, kwa sababu kila Jumapili unaenda kununua kitu ambacho hakiuzwi.

Na kwa sababu hakiuzwi, sasa naweza kukwambia upande wa pili bila kukupotosha. Toba isiyofika kwenye ile hela haijamaliza safari yake. Zakayo yule mtoza ushuru, Luka 19, Yesu anajialika nyumbani kwake kwanza, wala hajamtajia mali, na katikati ya furaha hiyo Zakayo anasimama mwenyewe anasema nusu ya mali nawapa maskini na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Torati kwenye Hesabu 5:7 ilimtaka mtu wa aina hii aungame, arudishe chote, na aongeze sehemu ya tano juu yake. Zakayo amepita mbali zaidi ya hapo na hamna aliyemlazimisha. Hakurudisha ili Yesu aingie ndani, Yesu alishaingia. Yohana Mbatizaji alipoulizwa tufanye nini, hakuwatajia watu hisia hata moja, aliwaambia wenye kanzu mbili wagawe, watoza ushuru wasitoze zaidi, askari watosheke na mshahara. Vitu vya kushika mkononi.

Kwa hiyo swali lako la pili, inatosha kwa Mungu peke yake? Kusamehewa na Mungu hakungoji kwaya. Ila kwaya nayo umeikosea, na Mungu hawezi kuisamehe kwa niaba yao hela yao huku imekaa mfukoni mwako. Kwenye Mathayo 5:23 na 24 Yesu anasema ukiwa unaleta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale pale, nenda ukapatane naye kwanza, ndipo urudi. Wewe umekuwa ukienda madhabahuni kila wiki, ndugu yangu, na nadhani madhabahu yenyewe imekuwa ikikuelekeza utoke nje uende kwa watu. Huenda hilo ndo unalolihisi kama dari.

Tuangalie njia zilizopo. Ya kwanza ni kurudisha hela yote kimya kimya na kuacha. Faida yake kwaya inapata chake na familia yako haiaibiki. Kuna makosa ambayo hii inatosha, sisemi kila dhambi ya kila mtu itangazwe. Ila kwako wewe naiona dhaifu, kwa sababu ulishaijaribu tayari, umekuwa ukirudisha kimya ukishinda, na ufunguo wa hela umebaki kwako. Siri ndiyo iliyokuwa inalisha hii kitu. Njia ya tatu, nairuka ya pili kwanza, ni kusimama Jumapili mbele ya kanisa zima na kueleza yote. Wengine watakwambia hiyo ndo toba yenyewe. Mi sishauri uanze na hiyo, ukubwa wa maungamo uendane na ukubwa wa waliokosewa, na mtu akitangaza mbele ya watu ambao hawakuhusika mara nyingi anaumiza mke na watoto ambao hawakujiandaa, na mengine yanageuka maneno ya mtaani.

Ya katikati ndo ningeichagua. Tafuta mtu mmoja aliyekomaa, mchungaji wako au mzee wa kanisa asiye na mdomo, umwambie yote bila kupunguza. Hapa chagua kwa makini. Yuda naye alisema nimekosa, akarudisha hata vile vipande 30 vya fedha, ila alipeleka maungamo yake kwa makuhani ambao hawakuwa na habari na roho yake, wakamjibu yatupasa nini sisi, yaangalie mwenyewe, akaondoka peke yake. Petro alilia usiku ule ule ila tunamkuta baadaye yuko na wenzake. Usibaki peke yako na jambo hili. Kama wewe ni Mkatoliki au Mwothodoksi una sakramenti ya kitubio, na siri ya maungamo kwa padri ni kamili, hawezi kuitoa kwa yeyote. Wachungaji wa makanisa mengine wengi wanatunza siri vizuri ila utaratibu haufanani, kwa hiyo muulize kabla hujaanza, "nikikwambia jambo zito litabaki kwako?" Siyo utovu wa adabu kuuliza. Na juu ya kurudisha kilichoibwa makanisa yote ninayoyafahamu yanakubaliana, hata padri baada ya kukuondolea dhambi atakwambia ukarudishe.

Baada ya huyo, mwambie mke wako kabla hajasikia kwa wengine. Ataumia, na huenda akakasirika siku nyingi, usimdai akusamehe haraka eti kwa sababu Mungu ameshasamehe, hiyo ni kumpora haki yake ya kuumia. Halafu mkiwa na yule mchungaji au mzee nendeni kwa viongozi wa kwaya, ukiwa na daftari, na hesabu kamili kadiri unavyoweza kuikumbuka, na mpango wa kulipa kwa awamu wenye tarehe. Usiende na maelezo marefu ya kwa nini, nenda na hesabu. Na siku hiyo hiyo kabidhi hela na nyaraka zote kwa mtu mwingine hata kama watakwambia endelea tu, usikubali, angalau kwa miaka kadhaa.

Sitakudanganya kwamba itapita salama. Unaweza kupoteza nafasi, kuna watakaokuangalia vibaya, na kwa kuwa ni hela ya watu kuna uwezekano jambo likafika kwenye sheria, kwa hiyo kama ni kiasi kikubwa siyo dhambi kuongea na mwanasheria kwanza ujue unasimama wapi, mradi usimtumie ili ukwepe kulipa. Daudi alisamehewa na bado alipitia machungu. Lakini watu niliokaa nao kwenye hali kama hizi, wengi huniambia usiku wa kwanza baada ya kusema ndo usingizi ulirudi, hata kabla hawajalipa chochote.

Kubeti nako kusichukuliwe kama tawi dogo. Ukiona unabeti ili kurudisha ulichopoteza, unadanganya watu wa karibu, umejaribu kuacha mara nyingi umeshindwa, huo ni uraibu na unahitaji msaada wa mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili pamoja na maombi. Kumwona daktari siyo kukosa imani. Funga akaunti, kampuni nyingi za kubeti zina utaratibu wa mteja kujifungia mwenyewe, futa programu zao kwenye simu, na mwombe mke wako ashike hela ya nyumba kwa muda. Yesu aliposema jicho likikukosesha ling'oe alikuwa anaongea juu ya kuondoa kinachokuangusha hata kama kinauma kukitoa. Na ukianguka tena njiani, maana inaweza kutokea, mpigie yule mtu wako siku ile ile, usingoje Jumapili. Nadhani hilo litakusaidia kuliko ahadi kumi za "sitarudia kamwe", Petro naye aliahidi hivyo.

Na kitu kingine, kama utagundua kwamba hata baada ya kuungama na kulipa bado unarudia kuomba msamaha wa dhambi ile ile mara nyingi kwa siku, ukihofu hukusema vizuri, hukujuta vya kutosha, basi hapo siyo toba tena inayokosekana. Ignatius wa Loyola, aliyekuja kuanzisha shirika la Wajesuiti, alipita humo kule Manresa, Hispania, mwaka 1522, aliungama yale yale mara kwa mara, akafunga chakula wiki nzima, mpaka muungamishi wake akamwamuru ale. Martin Luther akiwa mtawa naye alimchosha Staupitz, aliyekuwa mlezi wake, kwa maungamo yasiyoisha. Huyo huyo Luther baadaye, mwaka 1517, aliziandika hoja zake 95 na ya kwanza kabisa inasema Kristo alitaka maisha yote ya waamini yawe toba, ila sasa akiwa anamaanisha kumgeukia Mungu kila siku kwa kumwamini. Hofu ya aina ile ya Manresa mara nyingine ni ugonjwa wa wasiwasi, unatibika, na ukiona dalili hizo uende ukaonwe ana kwa ana na mtaalamu, usiandikie tu watu kama mimi.

Meza ya Bwana. Makanisa hayafanani hapa, kwa Wakatoliki na Waothodoksi mwenye dhambi nzito anaungama kwanza ndipo apokee, wengine wanaacha kwa dhamiri ya mtu, kwa hiyo neno la mwisho ni la mchungaji wako, na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda kwake wiki hii. Paulo kwenye 1 Wakorintho 11:28 anasema mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate. Hajasema ajihoji kisha akimbie. Ushauri wangu ni kwamba usishiriki ukiwa bado unapanga kuchota, na kama umeshaanza kurudi, umeshamwambia yule mtu wa kwanza na hela hazipo tena mkononi mwako, basi mchungaji wako akikuruhusu nenda mezani hata kama macho ni makavu na deni halijaisha. Kuimba kwaya nako waachie wenzako waamue, wakisema pumzika kwanza, kaa kwenye benchi na waumini wengine uimbe kutokea hapo.

Niandikie ukishaongea na mtu wa kwanza. Naanza kukuombea leo, na mke wako pia.